Mkate wa Kumimina

Ulikuwa na miaka minne, Shaame,
umenuna juu ya mkeka:
kipande cha Raya kimoja, chako kimoja,
nawe wataka vingi.
Nikashika kisu, nikakikata chako katikati.
"Haya, una viwili."
Ukacheka mpaka chenga zikakutoka puani,
Limbani nzima ikajua umeshinda.

Ulipofika saba ukaja na uzi.
Ukapima kila kipande, upana na kimo,
hata cha bibi yako asiye na meno.
Kilichozidi ukakimega, kikaliwa na paka.
Haki, ulisema, ni sawasawa,
na uzi haumjui mtu.
Nikakuacha. Uzi ulikuwa wa cherehani yangu.

Mwaka huu una kumi na moja.
Raya kashinda juani na karafuu,
mvua ikaja ghafla, kaanua majamvi sita peke yake,
saumu kinywani.
Magharibi ukamsogezea kile cha pembeni,
kikubwa, chenye ukoko aupendao.
Hukupima.

Nikasema moyoni: kakua huyu.
Ndipo ukanigeukia, tende bado shavuni:
"Mama, siku ile ya viwili,
ulinikatia kile kile kimoja.
Ulijua?"

Nikajifanya namimina uji.
"Ulikuwa unalia," nikasema.
"Nilinuna tu. Sikulia."

Kikombe kikafurika, uji ukashuka mkekani,
nawe hukuondoa macho.
Nami, mtu mzima wa miaka arubaini,
natafuta uzi wa kupimia jibu.