Karatasi Hukunjwa Kavu

Kiwanda kilipozimwa, harufu ndiyo iliyotangulia kuondoka,
ile ya magogo yaliyochemshwa, kama kabichi iliyosahauliwa jikoni.
Miaka thelathini na moja niliirudisha nyumbani kwenye nywele,
na Raili, mke wangu, akiwaambia wageni:
msizibe pua, huo ni mshahara.

Sasa nimevaa samawati, suruali ya kufunga kwa kamba,
na kitambulisho chenye picha ya mtu aliyeshtuliwa usingizini:
Veijo Karppanen, mwanafunzi.
Mwanafunzi! Nina hamsini na saba,
nina meno mawili ya bandia
na mjukuu anayeota lake la kwanza.

Jirani aliniambia tukiwa sauna, bila ubaya,
samaki mkunje angali mbichi.
Nikamwaga maji juu ya mawe, mvuke ukatuziba vinywa.
Ningemjibu hivi: samaki, sawa.
Lakini mimi sikutoka kwa samaki.
Nilikotoka mimi, ukiikunja mbichi inachanika,
utepe wote unakatika, mashine nzima inanyamaza,
watu sita wanakuja mbio kukutazama.
Karatasi hukunjwa kavu.

Hata hivyo, wiki ya kwanza nilikunjwa kweli.
Skrini ya dawa ilikuwa na herufi za sisimizi,
miligramu na mikrogramu bega kwa bega, pacha wasiotaka kutofautishwa.
Mara nane kwa zamu nilimwita Venla anisomee,
Venla muuguzi, mdogo kuliko binti yangu wa mwisho,
na mara zote nane hakuguna.
Nataka hilo lijulikane. Hakuguna.

Sikio langu la kushoto mashine namba nne ilikwisha kulila zamani.
Niliweka stethoskopu kifuani pa mzee mmoja,
nikasikia theluji.
"Anapumua?" Venla akauliza.
"Natumaini," nikasema,
na mzee akacheka mpaka akakohoa,
kwa hiyo alikuwa anapumua.

Venla akaandika barua. Kisha ya pili, yenye sentensi fupi zaidi.
Aliomba stethoskopu ya kukuza sauti,
winchi ya magurudumu ya kunyanyulia wagonjwa,
kigoda kirefu cha kuegemea wakati wa kufunga vidonda,
na zamu za usiku zisiniandame tatu mfululizo.
Ofisi ikajibu kwa neno moja, bajeti,
neno linalotembea na viatu vya kisigino.

Winchi ilifika Novemba, ikalala koridoni ndani ya sanduku lake
hadi Februari. Watu waliwekea vikombe juu yake.
Fundi alikuwa amestaafu; hakuna aliyeajiriwa mahali pake.
Basi tukaiunga mimi na Venla, Jumapili, baada ya zamu,
yeye akisoma maelezo, mimi nikishika spana.
Siku hiyo nilimwita yeye mwanafunzi.

Kisha Bi Hilkka Moilanen. Nilikuwa namvisha soksi
kidole gumba kikasita chenyewe.
Kiwandani tulipapasa ukingo wa karatasi ikipita,
tukaujua unyevu kabla kipimo hakijasema.
Shavu la mguu wake wa kulia lilikuwa na joto la kuazima,
ngozi imevutika, inang'aa.
Nikamwita Venla, Venla akamwita daktari.
Damu ilikuwa imeganda humo ndani.
Sitaki nipigiwe makofi. Kesho yake
nilimpelekea mgonjwa wa sukari uji wenye jamu.

Machi, hatimaye, wakazikuza herufi za skrini.
Nikaona haya: zilikuwa kubwa kama za kitabu cha kujifunzia kusoma,
na kila apitaye angejua ni kwa ajili ya nani.
Asubuhi yake nikamkuta daktari kijana, yule wa viatu vya kukimbilia,
amesimama mbali, kahawa mkononi, anasoma dozi
bila kukodoa macho.

Mpaka leo hakuna aliyeomba zirudishwe ndogo.