Kilo Nne

Saa kumi alfajiri, Ijumaa, Nizwa bado imelala.
Ghaniya anapiga honi mara moja tu, kwa adabu,
nami nashuka ngazi za hosteli ya wauguzi
na begi langu la kilo nne. Nililipima jana wodini
kwenye mizani ya watoto wachanga:
maji lita tatu, tende, mkate,
chai ya tangawizi kwenye chupa iliyobonyea.

Tunaipita Al Hamra, tunaiacha lami.
Kokoto zinagonga chini ya gari
kama mtu anayetaka kufunguliwa.
Muhanna anaendesha kwa mkono mmoja,
wa pili una kikombe cha kahawa isiyomwagika.
"Wewe mtu wa Moshi," ananiambia dada yake
kwa Kiswahili alichoachiwa na bibi yake wa Wete,
"mlima huu kwako si mchezo wa kitoto?"
Nacheka. Simwambii.

Njia imepakwa rangi: njano, nyeupe, nyekundu,
jiwe baada ya jiwe.
Hakuna udongo wa kutunza unyayo.
Mbuzi anatufuata saa nzima akidai maganda ya chungwa,
akishayapata anaondoka bila kuaga.
Kushoto kwetu ardhi inakoma ghafla
kama sentensi ya mtu aliyekatizwa,
na huko chini, kwenye bonde, tai wanazunguka.
Sijawahi kumwona tai mgongo.

Nimezaliwa Marangu. Mlima ulikuwa dirishani
kama jamaa tajiri asiyetutembelea.
Baba aliupanda mara mia na kumi na tisa,
kila safari na mzigo wa mtu mwingine kichwani:
hema, meza, viti vya kukunja,
mara moja choo cha plastiki, cha bibi mmoja mgeni
aliyemshukuru kwa kumpa soksi.
Kileleni hakufika. Mpagazi huishia kambini,
huchemsha maji, husubiri wenye mlima warudi.
Mama alimkanda shingo kwa samli ya moto,
mimi nilihesabu noti chini ya koroboi.
"Usipande," aliniambia. "Soma.
Mlima hauna pensheni."

Nikasoma.

Saa tano, mitarakwa imejikunja kwa upepo,
magoti yangu yamegeuka ya mtu nisiyemjua.
Muhanna ananyoosha mkono: "Lete begi, dada."
"Hapana!"
Sauti inatoka kali, inarudi kwetu kutoka gengeni.
Baadaye namwomba radhi kwa tende,
anazila zote tatu, anasema zimekubaliwa.

Kilele chenyewe hasa kiko ng'ambo,
kina kuba nyeupe za jeshi, hakikanyagwi.
Hiki chetu ni kile kinachoruhusiwa:
rundo la mawe, baridi, na anga kubwa kupita kiasi.
Muhanna anaswali adhuhuri, mawe manne
yameushika msala usiruke.
Ghaniya amevua viatu, anaziongelesha lengelenge zake
Kiarabu, kisha Kipemba, kwa matusi madogo madogo.

Simu ina mtandao. Nampigia baba.
"Huo upepo gani?"
"Niko juu ya mlima, baba. Huku Arabuni."
Kimya. Nasikia kuku wake,
nasikia redio ikizimwa.
Nangoja anigombeze.
"Umebeba kilo ngapi?"
"Nne."
"Za nani?"

Natazama begi, limelala kwenye jiwe
kama mbwa aliyechoka.
"Zangu."

Anakohoa. Anakohoa muda mrefu kuliko kikohozi.
"Basi sikiliza," anasema. "Kupanda si kitu.
Goti huliwa na kushuka.
Shuka kiubavu, usimtazame aliye mbele.
Na maji usiyamalize."
Akakata, kama kawaida yake,
salio lisije likaisha, ingawa nililipa mimi.

"Kasemaje mzee?" akauliza Ghaniya.
Nikafunga kamba za viatu, fundo mara mbili.
"Anasema tushuke."