Matokeo ya Mwisho wa Juma, Uwanja wa Katubuka

Naandika haya Jumapili usiku, kwa kalamu
ya mweka hazina; yangu imezama matopeni.

Jumamosi tulianza saa tatu badala ya saa mbili.
Mbuzi wa jirani walilala uwanjani,
wakagoma kuondoka hadi Ruhomvya
akawavurumishia tufe la chuma, likawakosa.
Mwenyekiti amesema hilo lisihesabiwe.
Sikulihesabu.

Mchezo wa kwanza: Byamungu na shemeji yake Lwaboshi
kumi na tatu, vijana wa bandarini nane.
Vijana hurusha kama wanavyopakua magunia,
kwa bega zima na hasira ya ujira,
na tufe halipendi kukasirikiwa.

Mchezo wa pili: Nyamwiza, peke yake.
Mwenzake alikwama njia ya Kasulu, gari limezama.
Matufe matatu mkononi, sita upande wa pili,
akifunga kitenge upya kabla ya kila mrusho,
akashinda kumi na tatu kwa kumi na mbili.
Naandika kwa maneno
asije mtu akadai nimekosea tarakimu.

Mchezo wa tatu niruhusiwe kuuandika kwa herufi ndogo:
katibu na mwenzake gwasa, mbili.
wapinzani, kumi na tatu.
Mke wangu alikuja na chupa ya uji.
Aliondoka nayo imejaa.

Jumapili, baada ya ibada, fainali.
Mvua ilikuwa imepita, udongo mwekundu umeshiba,
ziwa kule chini halionekani, wingu limelifunika
kama sufuria iliyofunikwa jani la mgomba.
Kile kitufe cha mti tunachokilenga
tunakiita chikichi, kwa kuwa cha kwanza kabisa
kilikuwa chikichi kweli, kimetoka jikoni kwa mtu,
na mikono yetu ilinuka mawese msimu mzima.

Byamungu na Lwaboshi, kumi na mbili.
Nyamwiza, kumi na mbili.
Limebaki tufe moja, la kwake.
Alichuchumaa, akalitupa juu, chini ya waya wa umeme,
likashuka bila kishindo, likajikokota,
likasimama ubavuni mwa chikichi
sawasawa na la Byamungu, upande wa pili.

Kamba ya kupimia haikuwepo.
(Tazama mwisho wa ukurasa.)
Nikachomoa njiti ya ufagio, nikapiga magoti,
suruali ya ibada na yote,
nikapima huku, nikapima kule.
Nikasema: Nyamwiza.
Makofi. Mama mmoja alirusha ndala juu.

Yeye hakupiga kelele. Aliinama karibu yangu,
akaniambia taratibu, kama mtu amwambiaye mwenzake
kwamba kifungo cha shati kimefunguka:
"Katibu, njiti yako imepinda.
Kwangu umeilaza. Kwake umeinyoosha."

Nikavunja njiti nyingine, mbichi, iliyonyooka.
Nikapima upya, watu kimya,
garimoshi likipiga honi kule stesheni.
Unene wa ukucha wa mtoto mchanga,
huo tu, na haukuwa upande wake.

Byamungu na Lwaboshi, kumi na tatu.
Nyamwiza, kumi na mbili.
Debe la mawese limechukuliwa na washindi;
Byamungu alilibeba akitazama chini.
Daftari hili lina safu ya mshindi, safu ya mshinde,
safu ya sahihi.
Nimepekua kurasa za miaka yote ya nyuma.
Nimeandika pembeni, kwa penseli.

Mwenzake Nyamwiza aliwasili saa moja usiku,
matope hadi magotini, akauliza: tumeshinda?
Akaambiwa: kaa kwanza, vua viatu.

Mengineyo.
Kamba: mke wa mwenyekiti ameanikia nguo.
Inunuliwe nyingine, mita tatu zatosha.
Ndala moja, nyekundu, ya kushoto, ipo kwangu.
Matufe yamehesabiwa: ishirini na matatu.
Lile la Ruhomvya bado halijaonekana.
Mbuzi wameulizwa.