Wa Nne

Ibuki ananiuliza tambi zingali mdomoni,
miguu yake na yangu chini ya meza yenye joto:
"Shangazi, kati ya yote saba, upi?"
Anasema Taa za Orihara. Michezo saba, kama siku za juma,
na hapa Sakai kila mtu ana siku yake.

Yeye ni wa tano. Rika lake lote ni wa tano:
malkia anayeuza kivuli chake,
vita vya darajani, robo saa huvuti pumzi.
Rafiki yake Tsukushi ni wa tatu, kwa ajili ya muziki,
na wamekosana tangu Jumanne,
wamekosana kweli, hadi kurudishiana mwavuli.

Anadhani nitawaamulia. Nilikuwepo, si ndiyo?
Nilikuwepo. Miaka sita, juu ya duka la miswaki,
kazi yangu kusukuma kuta.
Usicheke. Kila ukuta wa kila nyumba ya kila kijiji,
naukaribia, nausukuma kwa bega la mtu asiye na bega,
nione kama utanipitisha pasipo mlango.
Ukinipitisha, karatasi ya njano: tarehe, mahali, hatua.
Bwana Kuramochi anapiga muhuri,
vijana wa programu wananilaani kwa sauti ya chini,
ukuta unazibwa.

Mpishi usimuulize utamu.
Wa kwanza, kwangu, ni harufu ya risasi iliyoyeyushwa.
Huo muziki wenu wa wa tatu niliusikia
mpaka leo noti ya tisa inanigusa jino bovu.
Malkia nilimlilia mara moja.
Mara ya pili nilikuwa nahesabu picha kwa sekunde.

"Wa nne," namwambia.

Vijiti vinawekwa chini.
Wa nne! Mtoto wa kambo, ramani ya kijivu,
mwisho uliokatwa ghafla kwa kuwa fedha ziliisha.
Wa nne unauzwa yeni mia, kwenye kapu la mlangoni,
umelala na chaja zilizokatika waya.
Kipenda roho hula nyama mbichi, ningejitetea,
lakini huku mbichi huliwa hata harusini,
methali hiyo haina meno.

Kuna kijiji, Yukinuma. Theluji tupu.
Kuna mtoto wa ndoo: kisimani, nyumbani, kisimani,
ndiyo kazi yake yote duniani.
Usiku wa nne, ukiufunga mlango kabla hajaingia,
anapotea njia. Anapenya uani,
anatoka nje ya ramani, kwenye weusi
ambao hakuna aliyeuchora,
na anatembea. Hazami. Mchezo haukwami.
Ukingoja, na hakuna angojaye,
dakika arobaini baadaye anatokea upande wa pili wa kijiji,
ndoo mkononi,
na kusema sentensi aliyopewa, hana nyingine:
*Maji ya leo ni baridi.*

Ilikuwa Februari, saa nane usiku.
Kipasha joto kilikuwa kimezimwa, kubana matumizi.
Nilichukua karatasi ya njano.
Nikaandika tarehe. Nikaandika mahali.
Kwenye "hatua" nikaandika *moja*, na nukta,
nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye soksi.

Kuta zote za Orihara nilizifunga mimi.
Huo mmoja, sikuuona.

"Lakini kwa nini wa nne?" Ibuki ananing'ang'ania,
amekasirika kama niliyemtusi mama yake,
ambaye, kwa taarifa, ni wa sita.
"Theluji," nasema.
"Theluji? Ni nukta nyeupe, Shangazi. Nimezihesabu. Ziko thelathini na mbili."
"Thelathini na moja. Moja inajirudia."
"Hiyo si sababu."
"Basi si sababu.
Kula. Tambi zinavimba."