Taruma la Kumi na Moja

Saa nne usiku, Mabela. Kiyoyozi kinakohoa.
Juu ya meza ya kulia
(kulia chakula, nasema, si machozi)
mkuku umebanwa katika kitako chake,
na mataruma ishirini na tatu yamesimama
kama watoto wa chuoni mwalimu akichelewa:
huyu kanyooka, huyu kaegemea, huyu anacheka.

Miaka thelathini na moja nilipiga picha za mbavu
katika chumba cha giza, hospitalini.
Vuta pumzi. Zuia.
Kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, kwa Kihindi cha kuokoteza.
Nazijua mbavu. Najua zinavyodanganya
mgonjwa akisimama upande.
Ndiyo maana jicho silipi kazi peke yake.
Nimefunga uzi toka omo hadi tezi,
kila taruma nalipigia kipimapembe,
nalishika kwa vibanio vya nguo,
nalikandamiza kwa makopo ya halua
yaliyojaa sarafu za baisa.

Msaji kanipa Babul, seremala wa Wadi Kabir,
vipande vya mlango wa tajiri mmoja.
Pesa hakutaka. Alitaka kujua ni meli gani.
Ile iliyomleta mama, nikamwambia.
Mchoro wake sina, nimeuchora mwenyewe
kutoka picha moja,
na katika picha hiyo mama kasimama mbele,
kanga yake imepepea, imeziba nusu ya ubavu wa meli.
Nusu hiyo naibuni.

Sasa ufito.
Mwembamba, wa mti ulionyooka nyuzi,
naupitisha juu ya migongo ya mataruma
kwa ncha za vidole.
Ufito hauna adabu ya kusema uongo.
Unateleza la saba, la nane,
la tisa, la kumi,
kwenye la kumi na moja unaruka.
Mwanga unapenya chini yake, huku na huku,
unene wa kadi ya benki.

Nikachukua msasa.

Kwetu tulikuwa na wetu wa kumi na moja:
dada yangu Thuwaiba.
Kila harusi, kila matanga, alijitokeza.
Nani kauza shamba? Nani katia saini?
Mbele ya wageni, sinia ya wali bado inafuka.
Tukamsugua.
Mjomba kwa msasa wa chembe kubwa,
mimi kwa ule laini,
nikidhani huo laini ndio wema.
Mwishowe akahamia Sohar,
na sebule yetu ikawa nyororo, kimya, haina mtu.

Mkono ulikuwa umeshainuka.
Sijui kilichoushusha; mazoea ya kazi, labda:
picha moja haitoshi, piga ya pili.
Nikapima upya, kuanzia mkukuni.
La kumi na moja liko sawa na mchoro, hata unywele.
La kumi limepungua.
La kumi na mbili limepungua.
Niliyasugua mimi, Jumatatu,
redio imewashwa, akili iko jikoni.

Basi.
Nakata papi mbili nyembamba kama ganda la kitunguu,
nazigundisha kwenye migongo ya waliopungua.
Kesho nitazishusha taratibu, kwa mshazari,
maana mgongo wa taruma haukatwi bapa:
kuelekea omo unainamia mbele,
kuelekea tezi unainamia nyuma,
na katikati tu ndipo unaposimama wima,
mahali pafupi sana.
Ubao ukija utakuta pa kulala.
Ama hautakuta, nitang'oa, nitaanza tena.

Saa sita kasoro robo.
Sohar wamelala, au hawajalala.
Simu iko kando ya gundi, uso juu.
Gundi haijakauka, na mimi kama mtoto
naupitisha ufito tena,
la tisa, la kumi,

vuta pumzi,

zuia.