Kucha za Mzee Mwakio

Nilibisha Chaani na rozari mkononi,
maji ya baraka ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi.
Salamu Maria ya pili, Mzee Mwakio akanikatiza:
"Mungu kanisikia, binti. Hizi kucha, je?"

Nikaazima wembe kwa jirani, Bi Mwanasiti.
Mguu wa mzee nikaupakata,
mwepesi, wa baridi,
mguu uliopanda ngazi za meli na magunia miaka thelathini.

Honi ikalia Kilindini.
"Hiyo siijui," akasema.

Nikakata polepole. Vidole kumi ni vingi
kwa mtu asiyeguswa tangu Kwaresima.

Mwanasiti akaja kuufuata wembe wake, akakaa.
Sala tuliiachia pale kwenye "sasa".
Ile saa nyingine hakuna aliyeitaja.