Pikapu ya Mayai

Jumatatu hadi Ijumaa inabeba mayai,
trei mia mbili, Nakaloke hadi sokoni Mbale.
Naiendesha kama niliyembeba mgonjwa,
kila tuta naliomba radhi.
Leo Jumamosi nimeifagia,
nimeisugua kwa sabuni ya unga,
na bado inanuka kuku.

"Nambozo, wewe utafunga msafara,"
akasema Kibirige redioni.
Yeye wa mbele; gari lake lina pua ya chuma na winchi
iliyokaa bandarini miezi minne ikisubiri ushuru.
Haya. Wa mwisho hula vumbi la wenzake,
na wa mwisho ndiye ajuaye nani kaangusha nini:
kofia ya Opolot, sufuria ya Chelangat,
kigingi kimoja cha hema
ambacho hadi leo hakijapata mwenyewe.

Baada ya Chepsikunya tukaiacha lami.
Tukatoa upepo kwenye tairi, magari matano, fyuuu,
kama watu waliofika nyumbani wakavua viatu.
Pian Upe ikafunguka, nyasi hadi kwenye vioo,
Kadam upande wa kulia kajitanda wingu,
swala mmoja akatutazama
hadi akachoka.

Halafu mto. Mto usio na maji,
mchanga mtupu, mpole wa kutazama.
Kibirige akaingia kwa kishindo.
Mchanga haukubishana naye:
ukapokea tairi, ukapokea ekseli,
ukapokea hadi mlango ukakataa kufunguka.
Winchi ikalia, hapakuwa na mti wa kushika.
Tukafunga kamba kwenye gari la Opolot,
ikanyooka, ikaimba,
pah!
Wanaume wakatazama saa zao
kana kwamba saa ndizo zitakazovuta.

Alikuwa pale muda wote na hatukumwona:
mama mmoja, ndani ya shimo la kumfika kiunoni,
akichota kwa kata maji ya chini ya mchanga,
jerikeni ya njano kando yake, robo imejaa.
Akauliza kwa Kiswahili cha mnada wa ng'ombe:
"Mmebeba nini?"
Hatujabeba kitu, mama.
"Mnaenda wapi?"
Hapo ng'ambo, kulala. Kesho tunarudi.
Akatupitia mmoja mmoja kama anayehesabu mbuzi.
"Mna nyumba?"
Tunazo.
Alicheka hadi akaiweka kata chini.

Kisha akapanda kutoka shimoni, akaja kuchimba nasi.
Sisi tulichimba kama watu wanaozika.
Yeye alichimba kama mtu anayetafuta.
Nikaleta mbao zangu, zile za kutenganisha trei,
tukazilaza chini ya tairi, tukasukuma,
mbili zikavunjika, moja ikamezwa,
na jua lilipoegemea mlima
gari likatoka likitikisika kama ng'ombe aliyeogeshwa.

Pesa aliitazama tu.
Alitaka kile kipande cha kamba.
"Januari maji yanashuka," akasema, Nachap,
jina nililouliza nikiwa nimechelewa,
ameshaipa migongo yetu mgongo wake,
kamba ya dola sijui ngapi
imeviringwa begani.

Usiku Chelangat alikaanga mayai yangu.
Nililala nyuma ya pikapu, turubai juu,
unyoya umenata shavuni.
Kibirige akaja, akakaa kwenye mlango wa nyuma,
kimya, harufu ya dizeli mikononi.
Baadaye sana akauliza:
"Huwa unapitaje kwenye matuta bila kuvunja?"
Nilikuwa na jibu.
Nikajifanya nimelala.

Jumatatu, sokoni, Hajati Nantume
alipitisha kidole juu ya yai, akalisogeza kwenye mwanga.
"Yana mchanga haya."
Nikamwambia kuku walisafiri.
Kisha nikahesabu mbao nyuma ya gari,
nikahesabu tena, ingawa najua:
moja iko kule, chini,
na mvua ikija itaanza safari yake.